Pambo Halitangulii Herufi

Ndugu msomaji, hivi karibuni nilikuwa Nairobi kwa shughuli zangu, na kabla ya kupanda treni kurudi Mombasa nilikwenda kumjulia hali mpwa wangu anayeishi Mukuru kwa Njenga. Asiyepajua mahali hapo nitamwambia kwamba ni mtaa wa mabati ulio upande wa mashariki ya mji, jirani na Pipeline na Imara Daima, katika eneo la bunge la Embakasi Kusini. Mukuru kwa Kikuyu ni bonde. Wakazi wake wengi huamkia viwandani kutafuta kibarua, na mwezi wa Novemba 2021 maelfu yao walibomolewa nyumba wakalala nje na watoto wao. Lakini si hayo niliyokusudia kuyaandika leo. Leo nataka kuandika juu ya herufi, na huenda mwisho wake tukaona kwamba mambo haya hayako mbali sana.

Mpwa wangu ana kibanda cha kuchapishia. Ndani mna kompyuta moja, mashine moja ya kuchapisha, benchi la wateja na feni isiyozunguka. Humo hutengenezwa matangazo ya vinyozi, kadi za arusi, matangazo ya tanzia yenye picha ya marehemu, na michoro ya mabango makubwa ambayo baadaye hupelekwa mjini kuchapwa juu ya plastiki.

Kabla sijafika kibandani nilipita mbele ya madrasa moja, nayo ni ya mabati kama nyumba nyingine. Juu ya mlango limetundikwa bango jipya, kijani na dhahabu, linametameta kwa mbali. Moyo wangu ukafurahi. Nilipokaribia, furaha yote ikanitoka. Maandishi ya Kiarabu yalikuwa yamevunjika: kila herufi imesimama peke yake kama abiria wasiojuana, na maneno yameanzia kushoto kwenda kulia kama Kizungu. Ile dhahabu, kile kivuli na ule mng'ao vyote vimepakwa juu ya kitu ambacho si neno.

Maalimu wa hapo, kijana mwenye adabu, aliniona nimesimama, akatoka. "Sheikh, najua unachokitazama," akaniambia. "Bango lilitengenezwa mjini kwa mchango wa akina mama. Tulilipokea usiku tukalitundika kwa furaha. Asubuhi mtoto wa miaka minane ndiye aliyeniuliza, maalimu, hii ni lugha gani?"

Mtoto wa miaka minane! Sikucheka, ndugu msomaji. Wale akina mama walitoa shilingi zao kutoka kwenye pesa za unga na maji ili jina la madrasa yao lionekane, na walichopewa ni mapambo matupu.

MOTO NA UPEPO

Nilipofika kibandani nilimkuta mpwa wangu tayari ana kazi ya kutengeneza bango jingine badala ya lile. "Mjomba, karibu ukae," akaniambia, "utazame ninavyofanya, usije ukasema sisi wa bara twacheza tu." Nikakaa, nikatazama, na haki yake nitampa: ile ni kazi yenye maarifa ndani yake.

Programu anayoitumia ni Photoshop. Ilianza kuuzwa mwaka 1990, na walioibuni ni ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll. Mwaka 1994 ikatiwa leya, yaani picha hupangwa tabaka juu ya tabaka kama karatasi za kuonyesha ndani, nawe waweza kuigusa moja bila ya kuiharibu nyingine. Mwaka 1998 vivuli, miwako na maumuko ya herufi yakawa mambo ya kubonyeza tu. Kabla ya hapo fundi alipaswa kuvijenga mwenyewe kwa hatua nyingi, kwa msaada wa vile vijisehemu vya programu ambavyo vijana huviita filta, nasi twaweza kuviita vichujio.

Nilimwomba anieleze kivuli hutokeaje. Akasema kompyuta huchukua umbo la herufi, hulinakili, hulitia weusi, hulisogeza kidogo chini na upande mmoja, kisha huufifiliza ukingo wake. Kule kufifiliza kumeitwa kwa jina la Gauss, mwanahisabati wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1855, kwa sababu hufuata hesabu iliyobeba jina lake. Na maumuko je? Hapo kompyuta hujifanya kana kwamba kuna taa inayomulika kutoka pembe moja. Kingo za herufi zinazoielekea taa hutiwa weupe, zinazoipa mgongo hutiwa giza, na jicho hudanganyika likadhani herufi imechongwa.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni moto. Kuna namna ya zamani ya kuwasha herufi moto, na mpwa wangu alijifunza kwa fundi aliyemtangulia. Unaandika neno kwa rangi nyeupe juu ya weusi. Unaligeuza lilale ubavu. Kisha unaliletea kichujio kiitwacho upepo, nacho hulivuta kila herufi mistari myembamba kwenda upande mmoja. Upepo huo hauvumi Kaskazi wala Kusi. Huvuma kushoto na kulia tu, na ndiyo sababu neno likalazwa. Ukishalisimamisha tena, ile mistari huwa ndimi zinazopanda juu. Unazifanya zitikisike kidogo kama maji, unazipaka rangi ya weusi, wekundu na manjano, na hapo jina la kinyozi linawaka moto pasipo kibiriti.

Nikasema kimoyomoyo, ama dunia ina mambo. Sisi tulipokuwa chuoni, wino wetu ulikuwa masizi na kalamu yetu tete, na aliyepata kuandika be yenye tumbo zuri alikuwa na la kujisifia wiki nzima.

NUKTA MOJA

Mpwa wangu alikuwa anajua kwa nini bango la kwanza lilivunjika, akanieleza. Herufi za Kiarabu hazina umbo moja. Nyingi zina maumbo manne: la peke yake, la mwanzo, la katikati na la mwisho; na ziko sita, alifu, dali, dhali, re, ze na wau, zisizoshikana na herufi inayozifuata. Programu isiyofundishwa jambo hilo huzitoa zote kwa umbo la peke yake, na kuzipanga kutoka kushoto. Kwa miaka mingi aliyetaka kuandika Kiarabu kwa Photoshop alihitaji toleo maalumu la Mashariki ya Kati. Baadaye uwezo huo ukatiwa ndani ya programu ya kawaida, lakini katika matoleo mengi ni lazima mtu aende kwenye mipangilio auchague mwenyewe. Asiyejua kwamba upo hawezi kuuchagua, na asiyejua kusoma Kiarabu hawezi hata kugundua kwamba kuna kosa.

Basi yeye alikuwa ameuchagua, na maneno yakatoka yameshikana vizuri. Nikamwambia, "Ahsanta mwanangu." Akaongeza dhahabu, akaongeza maumuko, akaongeza kivuli. Mwisho akanyunyiza nyota ndogo za kumeta juu ya herufi, maana wateja wake wanazipenda sana. Akageuka, akaniuliza, "Waonaje, Mjomba?"

Nikasogea karibu. Katika jina lile lilikuwamo neno rahma, nalo ndilo lililotuletea rehema kwa Kiswahili. Neno hilo huanza kwa re. Na nyota moja, kwa bahati yake mbaya, ilikuwa imetua juu ya re hiyo, ndogo, yenye pembe nne, kama nukta iliyotiwa kwa kalamu ya tete. Sote tuliopita chuoni twajua kwamba re ikitiwa nukta moja juu huwa ze. Na rahma ikianzwa kwa ze huwa zahma, nayo kwa Kiarabu ni msongamano, na ndiyo iliyotupa sisi neno zahama.

Nikamwambia, "Mwanangu, umeiandikia madrasa rehema, na nyota yako imewageuzia zahama."

Akatazama. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wallahi sikuiona. Mimi nilikuwa natazama mng'ao." Akaiondoa nyota ile, na nyingine zote pia.

Ndugu msomaji, maneno yake ndiyo yaliyonifanya niandike. "Nilikuwa natazama mng'ao." Huyu si kijana mjinga. Huyu alisoma juzuu zake, na anajua re na ze. Lakini pambo lilikuwa limemshika macho mpaka herufi ikamponyoka. Ikiwa ajuaye kusoma humpata hayo, je, asiyejua?

MIKONO YA ZAMANI

Wako wenzangu wa pwani ambao wakiyasikia haya watasema, "Si tuliwaambia? Kompyuta imeleta uharibifu." Hao siafikiani nao hata kidogo. Kupamba maandishi si jambo lililoletwa na Wamarekani mwaka 1990. Ni letu, na ni la kale.

Aende mtu Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, autazame msikiti wa kale uliopo pale. Katika kibula chake mna maandishi ya hati ya Kufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Ncha za herufi zake zinachipua majani kama mti baada ya masika. Hilo nalo ni pambo, tena pambo la kweli, kwa kuwa umbo lililochongwa katika jiwe huleta kivuli chake lenyewe na halihitaji hesabu ya Gauss. Au atazame misahafu iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, karne ya 18 na ya 19, kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, yenye mapambo pembezoni mwa kurasa. Au tuseme milango ya Lamu, ambapo fundi wa nakshi hukata maua na mistari na wakati mwingine akaweka maneno juu ya kizingiti.

Lakini tuangalie mafundi hao walianzia wapi. Walianza na herufi. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, ndiye anayetajwa kuwa aliyeweka vipimo vya hati: kila herufi hupimwa kwa nukta iliyopigwa na ncha ya kalamu, na alifu huwa kigezo cha wenzake. Kwa hivyo nukta kwa mwandishi wa hati si kijidudu kilichorukia karatasi. Nukta ndiyo kipimo cha kila kitu. Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kunyunyiza nyota ovyo juu ya re.

Na ikiwa mfano wa mbali haukutoshi, tazama kanga ya mama yako. Kanga ina pindo lake, ina mji wake, na ina jina lake. Maua yote, korosho zote, rangi zote ziko katika pindo na mji. Jina limewekewa nafasi yake peke yake, kwa herufi za wazi zisizo na mchezo, ili jirani alisome kutoka ng'ambo ya njia na ujumbe umfikie aliyekusudiwa. Hapo kale jina hilo liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye likaandikwa kwa herufi za Kirumi, lakini nafasi yake haikuvamiwa na maua. Waliozibuni kanga walijua kupamba kuliko sisi sote, na walijua pia pambo likome wapi.

Hata pale Mukuru sikuhitaji kwenda mbali. Hatua chache kutoka kibanda cha mpwa wangu kuna mchoraji wa mabango anayeandika juu ya mabati kwa brashi. Nilimkuta anaandika jina la hoteli. Kwanza alipiga mistari kwa chaki, akapanga nafasi, akaandika herufi nyekundu, akazisubiri zikauke. Baada ya hapo ndipo alipotia kivuli cheusi upande wa kulia wa kila herufi, wote upande mmoja, kwa sababu, aliniambia, "Mzee, jua haliwezi kutoka pande mbili." Kivuli kile ambacho kompyuta hukitia kwa kubonyeza kimetoka kwa watu kama yeye. Ila mkono wake ulilazimika kuandika herufi kwanza. Hakuwa na njia ya kupamba asichokiandika.

LAWAMA SI YA MASHINE

Hapa ndipo ninapotaka kusimama. Kosa si la kompyuta wala la vichujio. Kosa ni kwamba mashine imetuwezesha kulitanguliza pambo, nasi tumekubali. Siku hizi mtu aweza kuwasha moto juu ya neno ambalo hawezi kulisoma. Hata kompyuta haihitajiki. Simu ya mkononi yenye programu kama PixelLab yatosha, na kazi hufanywa ndani ya matatu kabla ya kufika kituoni.

Mpwa wangu alinijibu jambo ambalo nalazimika kuliandika, maana lina haki. Alisema, "Mjomba, mteja halipi kwa sababu ya herufi. Mteja hulipa kwa sababu ya mng'ao. Nikimpa herufi safi isiyo na kitu, ataniuliza nimefanya kazi gani." Kweli. Riziki ya kijana yule iko katika macho ya mteja, na macho ya mteja yamezoeshwa magari ya Eastlands yenye majina yanayowaka kama usiku wa arusi. Basi lawama haimwangukii fundi peke yake. Sisi tunaoagiza mabango, kamati za misikiti, walezi wa madrasa, wasimamizi wa arusi na Maulidi, ndio tunaosema, "Tia mapambo zaidi," na hatusemi, "Nisomee kwanza."

Na tusijidanganye kwamba hili ni la Nairobi tu. Nimeona Mombasa, mji wenye maalimu katika kila mtaa, bango la herufi zilizoachana vile vile, limetundikwa juu ya njia kuu, na watu wenye vilemba wakapita chini yake bila ya mmoja kuinua sauti. Mtoto wa Mukuru aliuliza ni lugha gani. Sisi hatukuuliza.

Mtu aweza kuniambia kwamba ninafanya jambo dogo kuwa kubwa, kwamba watu wa Mukuru wana shida ya maji, ya moshi wa viwanda, ya kubomolewa. Nakubali shida hizo ni kubwa kuliko bango. Lakini nilimwona maalimu yule akiliteremsha lile bango na kulikunja kwa heshima, kwa sababu hakujua kama ndani ya herufi zile zilizovunjika mna jina la Mwenyezi Mungu au hamna. Nyumba ya mabati yaweza kubomolewa asubuhi moja. Alichonacho mtoto wa pale ambacho hakuna tingatinga linaloweza kukifikia ni kile alichokisoma. Tukimtundikia juu ya mlango wa madrasa yake kitu kisichosomeka, tunamfundisha kila siku anapoingia kwamba maandishi ya dini yake ni ya kutazamwa tu, na hayana haja ya kueleweka. Hilo ndilo linaloniuma.

NINAYOYAOMBA

Kwa hivyo nina maombi matatu, na yote ni ya bei nafuu.

La kwanza nawaambia mafundi. Tengenezeni neno likiwa tupu, jeusi juu ya weupe, bila ya kivuli wala dhahabu. Lichapeni hivyo katika karatasi, mumpelekee maalimu au mzee ajuaye kusoma, aweke mkono wake kwamba ni sawa. Baada ya hapo pambeni mpendavyo, kisha mumwonyeshe mara ya pili, maana mmeona nyota moja ilivyotaka kututia zahamani.

La pili nawaambia waandishi wa hati wa Lamu, Mombasa na Unguja. Msiifiche kalamu yenu kwa kuidharau kompyuta. Neno lililoandikwa kwa mkono laweza kupigwa picha, likaingizwa katika programu, likatiwa dhahabu na maumuko kama neno jingine lolote, na herufi zake hazitaachana kamwe, kwa sababu mkono ulizishikanisha tangu mwanzo. Laiti kila madrasa ya bara ingeandikiwa jina lake na mwandishi mmoja wa pwani, kwa thawabu tu. Hati yetu ingekuwa imefika mahali ambapo sisi wenyewe hatujafika.

La tatu natuambia sisi wateja. Tukipokea bango, tusilitazame kwa mbali tukashangilia. Tulikaribie, tulisome kwa sauti, herufi kwa herufi. Na asiyejua kusoma asione haya kumwita mtoto wa chuoni amsomee.

Mpwa wangu alinichapishia jina lile katika karatasi ndogo kabla sijaondoka, likiwa na kivuli chepesi cha upande mmoja na hakuna zaidi. Nimelibandika juu ya meza yangu. Yeye aliniomba nimwachie neno, nami kwa mazoea yangu nikamwachia ubeti:

Mwanangu shika kanuni, herufi ndiyo ya mwanzo,
Uiunge kwa makini, ulivyopokea funzo,
Na pambo lije mwishoni, liwe ni taji na tunzo,
Asojua jina lake, kivuli chamfaani?